Kinasa Sauti Kilichogoma Kujibu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye kati ya Lizaboni na stendi ananiuliza jambo lilelile: imekuwaje mtu wa Matogoro, asiyejua hata kuogelea, akaitwa baharini? Nimejibu vipande vipande, huyu nikamwambia habari ya ndoo, yule habari ya Saidi, na sasa nasikia hadithi inatembea mjini ikiwa imeota mikia. Naiandika basi yote mara moja. Mambo ya ruhusa ya chuo na tiketi nayaruka, hayana utamu.

Wengi mnajua kwamba nafundisha hesabu na fizikia. Kazi yangu nyingine, ninayoifanya jioni mezani kwangu, ni kuijenga bahari ndani ya kompyuta. Bahari si maji ya namna moja toka juu mpaka chini. Ina matabaka: hapa maji ya vuguvugu, chini yake ya baridi, hapa chumvi kali, pale imepungua. Sauti ikipita humo hainyooki. Inapinda kuelekea kwenye tabaka inamokwenda polepole. Ukiyajua matabaka vizuri unaweza kukadiria sauti itafika wapi na haitafika wapi. Mahali isipofika tunapaita kivuli. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa bila kupanda chombo cha baharini hata mara moja.

Aliyeniita ni Dokta Rehema, mtafiti wa Mtwara niliyesoma naye. Mwaka uliotangulia, yeye na wenzake walizamisha kinasa sauti kusini mwa Mtwara, kwenye mteremko wa chini ya bahari, ili kisikilize nyangumi wanaopita na milipuko ya watu wanaovua kwa baruti. Chombo chenyewe ni kama mtungi wa gesi uliofungwa maboya. Kikiitwa kwa mlio maalumu kutoka juu kinajibu, na kikipewa amri kinaachia uzito wake na kuelea. Sasa walikuwa wamekwenda kukitoa. Waliita, wakazunguka, wakaita tena. Kimya.

"Wenzangu wanasema kimeibwa," Rehema aliniambia kwenye simu, Jumatatu jioni. "Na kwenye kijiji cha karibu na hapo, mtu anayejua tulikokizamisha ni mmoja tu, Saidi, mvuvi aliyetusaidia kwa boti yake. Kijiji kimeshamhukumu. Wamemtoa kwenye kamati ya ulinzi wa pwani, na injini yake wameifungia ofisini mpaka chombo kionekane."

"Wewe unaamini ameiba?"

"Mimi naamini hakijibu. Modeli yako inasemaje?"

Niliifungua pale pale. Ilionyesha kwamba kuna sehemu ambazo mlio wao haukufika. Nikataka kumtumia picha. Akakataa. Kipimio chao cha joto na chumvi kilikuwa kimekufa, na kizima kilikuwa kwangu, kwa sababu nilikiazima kuwafundishia wanafunzi kule ziwani, Mbamba Bay. Bila vipimo vya siku ile ile, modeli ingekuwa ubashiri tu. Boti alikuwa nayo mpaka Ijumaa, na betri ya kinasa sauti ilikuwa ukingoni. Ikiisha, hata kikisikia hakitaweza kujibu.

"Panda basi la kesho," alisema.

Songea hadi penye kalvati

Kipimio ni bomba la chuma linalong'aa, urefu wake unakaribia mkono wangu mzima, na kichwani lina vitobo na waya. Nililitia kwenye mfuko wa turubai. Konda alitaka liende kwenye buti, nikakataa, tukabishana, mwisho nikakaa nalo katikati ya magoti.

Jirani yangu kitini alikuwa mama wa makamo aliyevaa mtandio wa kijani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza kama nina mgonjwa, maana alidhani lile bomba ni la oksijeni. Nikamweleza yote, mpaka habari ya Saidi. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Haya, Mungu akusaidie," kwa sauti ya mtu anayemwombea mgonjwa. Jina lake Bi Zainabu, mkulima wa korosho wa Namasakata, alikuwa anatoka Songea kumwogesha mjukuu aliyezaliwa.

Tulikwenda vizuri hadi tukaipita Namtumbo. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na kila daraja tulilovuka chini yake maji yalikuwa mekundu, yamebeba matawi. Alasiri, tukiwa tumeshaingia wilaya ya Tunduru, basi likasimama nyuma ya foleni ya malori. Mbele, kalvati lilikuwa limechukuliwa na maji. Lami ilikuwa imekatika kama mkate uliomegwa, na upande wa pili watu wa mabasi mengine walikuwa wamesimama wakitutazama kama sisi tulivyokuwa tunawatazama wao.

Dereva alishuka, akaangalia, akarudi. "Wanaleta kifusi," alisema. "Kesho asubuhi, tukijaliwa."

Abiria mmoja akaanza kufoka kwamba ana msiba Masasi. Mimi sikufoka, nilihesabu siku. Jumanne ilikuwa imeshakwenda.

Nilisimama na Bi Zainabu ukingoni. Alikuwa anayatazama yale maji huku akitafuna karanga. "Udongo wa watu huo unaondoka," alisema. "Yanaingia Ruvuma, Ruvuma inayapeleka baharini. Basi."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja njia ya kwenda sokoni. Lakini mimi nilibaki nimeshikilia mfuko wangu. Modeli yangu nilikuwa nimeijenga kwa vipimo vya kiangazi. Ndani yake, maji ya juu ya bahari yalikuwa ya moto na ya chumvi. Mdomo wa Ruvuma hauko mbali na pale walipozamisha kinasa sauti, na mto mzima ulikuwa umejaa. Maji baridi yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo huwa yanatandaa juu kama kifuniko. Bahari niliyokuwa nayo kwenye kompyuta haikuwa na kifuniko hicho.

Namasakata

Bi Zainabu hakuniuliza kama nataka kwenda kwake. Alisema tu, "Twende, utalala kwangu, hapa utaliwa na mbu," akapunga mkono, na mpwa wake akaja na gari la kubebea mizigo lililokuwa limekwama foleni ile ile. Tuliacha barabara kuu tukaingia njia ya udongo katikati ya mikorosho, gari likiteleza huku na huku kama mtu aliyelewa.

Nyumbani kwake alitutengea ugali na kisamvu kilichoungwa kwa korosho za kusaga. Wenzangu, nimekula kisamvu maisha yangu yote, lakini kile kilikuwa kitu kingine. Yeye alisema bismillahi, mimi nikafanya ishara ya msalaba, na bintiye mkubwa, aliyekuwa anatunawisha, akatutazama sote wawili akacheka.

"Mgeni wetu kabila gani?" aliuliza.

"Mngoni," nikasema.

"Ala! Mtani!" Bi Zainabu akapiga paja lake. "Zamani walitujia sisi Wayao na mikuki. Huyu wa leo kaja na bomba. Wameishiwa."

"Bomba hili kali kuliko mkuki," nikamjibu, na tukacheka mpaka machozi. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile kusahau kalvati.

Alikuwa na sola juu ya bati. Nikaomba kuchaji kompyuta, na kabla giza halijaingia nikaanza kuibomoa bahari yangu na kuijenga upya. Niliweka tabaka la maji ya mto juu, unene wake nikakisia. Kisha nikaiambia kompyuta ipige mlio kutoka mahali pale pale Rehema alipopigia.

Mchoro uliotoka ulinishangaza. Kwenye maji yasiyo na chumvi sauti hukawia. Spika yao ilikuwa imening'inizwa karibu na uso wa maji, yaani ndani ya kile kifuniko, na sehemu kubwa ya mlio ilikuwa inapinda kurudi juu na kubaki humo humo, ikienda mbali bila kushuka. Mlio ulioshuka ni ule ulioelekea moja kwa moja chini ya boti. Maana yake kinasa sauti kama kingekuwa pale kilipowekwa, wangekisikia, kwa sababu walisimama juu yake. Lakini kama kilikuwa kimesogea, hata kidogo tu, kikaporomoka na ule mteremko, walikuwa wanakipigia kelele huku kelele zote zinapita juu ya kichwa chake.

Nilitia alama sehemu tatu ambazo zingeweza kukificha. Bi Zainabu alikuja kuchungulia ile picha ya rangi rangi.

"Ndiyo bahari hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyo bwana unayemwendea, ana watoto?"

"Sijui."

Akatikisa kichwa. "Ungeuliza hilo kwanza."

Kabla sijalala nilimpigia Rehema. Saidi alikuwa nao watano.

Tunduru hadi Masasi

Asubuhi Bi Zainabu na mpwa wake walinirudisha penye basi; kifusi kilikuwa kimefika na tukavuka, basi likitambaa. Bi Zainabu alikuwa amenifungia korosho za kukaanga kwenye kipande cha khanga. Nilimshukuru kwa Kiyao alichonifundisha usiku, "Sikomo," akanisahihisha matamshi mbele ya basi zima.

Tunduru mjini tulisimama ili watu wale. Nikakosea: niliweka ule mfuko mezani, mdomo wake ukafunguka, na bomba likang'aa juani. Kama kuna mji katika nchi hii ambao hupaswi kuonyesha mtambo wa kung'aa, basi ni Tunduru. Kule watu wanachimba vito. Kijana aliyevaa buti za mpira akaja kukaa mbele yangu.

"Dada, hiyo inapiga chini mita ngapi?"

Nikadhani anauliza kina cha maji. "Inafika mia kadhaa," nikasema.

Akapiga mluzi. Wenzake wawili wakasogea. "Na inaonyesha rangi?"

"Inaonyesha kwenye kompyuta. Nyekundu, bluu, kijani." Nilikuwa nazungumzia joto.

"Bluu!" wakasema wote. Nadhani waliona yakuti.

Ilinichukua muda kung'amua tulikuwa tunazungumza habari mbili tofauti. Nilipowaambia kinapima maji ya bahari, yule wa buti alitabasamu kwa adabu. "Bahari. Hapa Tunduru. Sawa dada, biashara ni siri." Akanipa namba yake ya simu hata hivyo, na akasema kiwanja chake kiko kando ya mto, nikipita tu na mtambo tutagawana.

Nilicheka mpaka tulipofika kwenye kizuizi cha barabarani. Askari alipanda basini, akaja moja kwa moja kwenye kiti changu. Alikuwa ameshapigiwa simu kwamba kuna mwanamke ana mtambo wa kutafutia madini na hana kibali. Basi zima likateremka kusikiliza. Barua ya chuo haikumridhisha, maana iliandika "kifaa cha utafiti," na utafiti wa madini nao ni utafiti.

"Kama ni cha maji," alisema, "tuonyeshe kwenye maji."

Mama ntilie wa pale alileta ndoo. Nikazamisha bomba, nikafungua kompyuta juu ya kiti cha plastiki, na mstari wa joto ukatokea. Nikamwomba yule mama chumvi. Akaja na kibakuli, akamimina chote, na ule mstari wa chumvi ukaruka juu mpaka ukataka kutoka kwenye kioo. Watu wakapiga makofi. Konda akataka nitie maji ya chai tuone.

Askari aliinama akatazama. "Kwa hiyo hii haioni dhahabu."

"Haioni, afande. Ungeweza kuizika kwenye dhahabu isikwambie kitu."

"Basi haina faida," alisema, akaturuhusu. Mama ntilie alidai chumvi yake, na abiria wakachangishana.

Mtwara, na kijijini kwa Saidi

Rehema alinipokea stendi ya Mtwara, amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Hatukwenda hotelini. Tulinunua pweza wa kukaanga kwenye karatasi, tukala njiani, na tukaelekea moja kwa moja kijijini kabla jua halijazama.

Saidi alikuwa mbele ya nyumba yake anashona wavu ambao hakuwa na jinsi ya kuupeleka baharini. Mtu mrefu, mtaratibu, sharubu zimeanza mvi. Alitukaribisha kwa mkeka. Mkewe alituletea maji, akaingia ndani.

Rehema alimweleza kwamba nimetoka Songea, kwamba huenda chombo kipo, na kwamba kesho tunatoka kukitafuta tena. Akamwomba tuende naye. Nami nilifikiri atafurahi.

"Siji," Saidi alisema.

"Kaka Saidi, hii ndiyo nafasi ya kujisafisha," Rehema akamwambia.

"Dokta, fikiri. Nikienda na nyinyi, mkakikosa, mimi ni mwizi. Nikienda na nyinyi, mkakipata, watasema Saidi amewapeleka alipokificha." Aliendelea kushona. "Niacheni huku nchi kavu. Kesho toka alfajiri nitakaa pale kwenye mnada wa samaki, penye watu wote, nisiondoke hata kwenda kula. Nyinyi mchukueni mwenyekiti wa kijiji. Yeye ndiye aliyeifungia injini yangu, yeye aone kwa macho yake."

Ilikuwa wazi kwamba amekwisha kuyapanga hayo siku nyingi, pale pale kwenye mkeka, akisubiri mtu wa kumwambia.

"Mwalimu," akaniuliza tulipoinuka, "una hakika kipo?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. "Sina," nikasema. "Nina hakika kwamba hawakukiita ipasavyo. Kama kipo au hakipo, hilo sijui."

Akaitikia kwa kichwa. "Afadhali wewe," alisema.

Baharini

Mwenyekiti wa kijiji alikuja asubuhi amevaa koti la suti na kandambili. Hakuwa mtu mbaya. Alituambia wazi kwamba anakuja kwa sababu wananchi wametaka jambo hili liishe, na kwamba kwa maoni yake limekwisha zamani. Tulipopita mnadani tukielekea kwenye boti, Saidi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya wauza samaki. Hakutuinulia mkono.

Sasa mnaouliza kama nilitapika: nilitapika. Nilitapika kabla hatujaiacha ghuba, nikatapika tena, kisha nikawa natapika bila kitu. Bahari ninayoijenga mimi huwa haitikisiki. Nahodha alinipa tangawizi mbichi nitafune na akaniambia nitazame mbali, nisitazame kompyuta. Lakini nilikuja kwa ajili ya kompyuta.

Tuliteremsha kipimio. Kilipopanda na nikasoma, nilisahau tumbo kwa muda. Kifuniko cha maji ya mto kilikuwepo, kinene kuliko nilivyokisia Namasakata. Hata kwa macho kilionekana, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Niliingiza vipimo vipya, nikapiga hesabu upya nimejikunja sakafuni, na nikamwambia Rehema spika ishuke chini ya kile kifuniko.

"Waya wetu ni mfupi," fundi wake alisema. Wakauunganisha na mwingine, wakaufunga kamba na gundi ya kuzuia maji, na kazi hiyo ikala asubuhi iliyobaki huku sisi tunayumba.

Sehemu ya kwanza niliyoitia alama ndiyo niliyoiamini zaidi. Tukafika, tukashusha, Rehema akapiga mlio. Tukasubiri. Akapiga tena. Kwenye vipokea sauti alivyovaa masikioni alisikia bahari tu.

Sehemu ya pili, vile vile.

Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye sanduku la barafu, koti amelivua. "Mwalimu," alisema kwa upole, "bahari hii si ubao wa darasani."

Nilimfikiria yule mtu juu ya ndoo, nikaona kwamba nimemwongezea ubaya: kabla sijaja alikuwa anashukiwa, na jioni hii, baada ya mtaalamu kutoka Songea kushindwa, asingebaki mshukiwa tena, angekuwa mwizi kabisa. Nahodha alitazama saa na mafuta. Rehema akaniangalia.

"Bado moja," nikasema.

Sehemu ya tatu nilikuwa nimeiweka mwisho kwa sababu ilikuwa mbali, kwenye bonde dogo chini ya mteremko, na sikuona chombo kingewezaje kufika huko chenyewe. Tulifika mchana umepinda. Spika ikashuka. Rehema akapiga mlio, akafumba macho.

Halafu akayafumbua. Alivua vipokea sauti akanivika mimi, akapiga tena. Kwanza mlio wetu, kisha kimya kama cha kuvuta pumzi, kisha, mbali sana na mwembamba kama uzi: *ti. ti. ti.*

Nilimvika mwenyekiti. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono mmoja umeshika kamba. "Hicho?"

"Hicho," Rehema alisema.

Amri ya kuelea ilipelekwa. Tukangoja, kila mtu upande wake, mpaka nahodha akanyoosha kidole: maboya ya rangi ya chungwa yalikuwa yamechomoza nyuma yetu. Walipokivuta boti ikalemea upande, maana hakikuja peke yake. Kilikuwa kimezongwa na wavu mkubwa mnene, kamba zake nene kama kifundo cha mkono, umekatika vipande. Meli kubwa ya kuvua ilikuwa imekizoa, ikakiburuta mpaka bondeni, kisha wavu ukakatika.

Mwenyekiti aliushika ule wavu akaugeuza geuza. Hakuna boti ya kijijini inayoweza kuvuta kitu kama kile, na yeye alilijua hilo kuliko sisi. Alivaa koti lake, akalifunga vifungo vyote, akakaa hivyo mpaka tunafika.

Mnadani

Saidi alikuwa bado juu ya ndoo yake. Habari ilitutangulia kwa simu, na watu walikuwa wengi. Mwenyekiti aliamuru wavu ule utandazwe mchangani, akasema mbele ya wote: "Chombo kimepatikana. Kiliburutwa na wavu huu. Saidi hahusiki. Injini yake irudishwe sasa hivi." Maneno hayo tu. Watu wakaangalia wavu, wengine wakaugusa kwa mguu, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Wanaume wawili walileta injini mabegani, wakaitua mbele yake, nao wakaondoka. Mwenyekiti alimpa mkono. Alimwambia nafasi yake kwenye kamati ipo, arudi kesho.

"Nimeshukuru," Saidi alisema. Hakusema kama atarudi.

Tulibaki watatu. Mkewe alikuja, akasimama pembeni ya injini, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayempima mtoto homa.

"Mwalimu, nikuulize," Saidi alisema. "Siku zile Dokta alipokuwa anakiita, kile chombo kilikuwa kinakataa kujibu?"

"Hapana. Hakikusikia. Mlio ulikuwa unapita juu yake, haufiki chini."

"Kwa hiyo hakina kosa."

"Hakina."

Alifikiri. Alikuwa anafuta mchanga kwenye propela kwa kidole gumba, taratibu, jani moja baada ya jingine.

"Mimi nilisemea hapa," alisema, akionyesha pale pale aliposimama. "Siku ya kwanza mpaka leo. Na wote walinisikia."

Rehema aliangalia chini. Mimi, mwenye mchoro wa kila kitu, niliinama nikamsaidia kufuta mchanga.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na visa. Kalvati lilikuwa limeshashindiliwa, na pale kizuizini askari alinipungia mkono kutoka kivulini. Boti iliondoka Mtwara Ijumaa kama ilivyopangwa, na kinasa sauti kikafunguliwa. Rehema anasema kimejaa nyangumi.

Wiki iliyofuata nilimpigia kuuliza habari za Saidi, kwa sababu mama yangu alikuwa ananiuliza kila ninapomtembelea Lizaboni. Rehema aliniambia ameshafunga injini na anatoka kila siku. Vijana wanne waliokuwa wakivua naye, kisha wakamkimbia aliposhukiwa, walikuja kuomba kurudi botini, akawapokea vizuri, akawapa chai, akawaambia boti imejaa.

Nikampelekea Mama habari hiyo. Alikuwa anachambua maharage.

"Imejaa nani?" aliuliza.

"Hakuna mtu, Mama. Anavua peke yake."